Nimeshusha kilo 101: siku saba barabarani na pikipiki ndogo

Niseme ukweli mapema usije ukadhani hii ni habari ya kishujaa, mi sikuanguka kwa spidi. Ningekuwa nimeanguka kwenye 120 labda ningekuwa na cha kujisifia, ila mi pikipiki iliniangusha karibu imesimama, tena mara mbili. Ilikuwa cc 1200, kilo 249 tenki likiwa limejaa, siti iko sentimita 85 kutoka chini na mimi mwenyewe urefu wangu wote ni sentimita 168, kwa hiyo kila nikisimama nagusa kwa vidole kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Mara ya kwanza nilishusha mguu ukakuta shimo. Mara ya pili ni hapo hapo getini kwangu, pana mteremko kidogo, nakata kona taratibu hendeli imepinda, nikagusa breki ya mbele basi ikalala na mguu wangu wa kulia ukabaki chini yake. Waliinyanyua watu wanne, mi nimelala pale naangalia viatu vyao.

Kifundo kilipona ndani ya wiki tatu, kichwa ndo kikagoma. Nikawa naamka asubuhi natafuta visingizio, leo kuna mawingu, leo tairi sijui imekaaje, leo nimechoka. Na nikitoka kweli, tangu nawasha injini nawaza nitasimama wapi. Sio naenda wapi, nitasimama wapi. Naruka sheli tatu natafuta ambayo ni tambarare. Mwendo wa 100 kwenye lami iliyonyooka sikuogopa hata kidogo, niliogopa mita tano za mwisho.

Nikaiuza. Jamaa yangu mmoja akaniambia hongera kwa kushuka cheo, nikacheka lakini iliniuma.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na Suzuki TU250X anaiendesha mara mojamoja, silinda moja, cc 249, inapozwa na hewa, gia tano, breki ya mbele diski ya nyuma dramu, hamna ABS (ile ya kuzuia tairi lisijifunge ukifunga breki) hamna chochote cha kubonyeza. Kilo 148 na mafuta ndani, siti sentimita 77. Nikamuomba. Akasema "chukua mdogo wangu, ila utaiendesha mwenyewe mpaka kwako, siipakii kwenye gari." Kwake na kwangu ni zaidi ya kilomita 600 kwa njia za pembeni. Hapo ndo safari ilipoanzia.

Siku ya 1, kilomita 12

Nimefika kwa basi mchana, helmeti mkononi na begi moja. Kaka kanipeleka uani. Kitu cha kwanza nilichofanya hata kabla ya kuwasha ni kukaa juu yake na kushusha miguu, nyayo zote mbili zikatua chini na magoti yamekunja kidogo. Nilikaa hapo muda mrefu mpaka shemeji akauliza kama kuna tatizo. Hamna shemeji, nafurahia tu ardhi.

Afu nikaiegamisha kushoto, nikairudisha, nikaiegamisha kulia, nikairudisha. Ile kubwa ilikuwa na sehemu fulani ukishaivuka tu mguu wako unakuwa pambo, unaisindikiza chini. Hii nayo ina sehemu hiyo, pikipiki zote zinayo, ila iko mbali zaidi na inakupa muda wa kufikiri.

Tumekagua pamoja: upepo wa tairi, oili, taa, indiketa, cheni ilikuwa imelegea tukaikaza ikabaki inacheza kama sentimita mbili na nusu. Kaka kafanya kitu kimoja ambacho sikuwa nakijua, kalegeza kidogo nati zinazoshika vibano vya klachi na breki kwenye hendeli, sio mpaka vibano vicheze hovyo, vishike ila ukivuta kwa nguvu vizunguke. Kasema ukianguka kibano kinazunguka badala ya kuvunjika. Nikamwambia kaka mbona unaniandalia kuanguka. Akasema "sikuandalii, najua tu utaanguka."

Jioni nimezunguka mitaa ya kwake kilomita 12. Imezimika mara tano kwenye kuondoka, maana nilizoea injini kubwa unaachia klachi tu inakwenda yenyewe, hii inataka uipe mafuta kidogo kwanza. Mara tano na hakuna hata moja niliyoshtuka, imezima, miguu iko chini, nawasha.

Siku ya 2, kilomita 74

Niliaga asubuhi ila sikwenda mbali, kama kilomita 3 kuna uwanja mtupu wenye lami upande mmoja, nikaingia hapo nikakaa karibu masaa mawili. Watoto wawili walikaa ukutani wakawa watazamaji.

Zoezi la kwanza, kutembea mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu bila kushusha mguu. Siri yake ni vitu vitatu kwa pamoja: klachi uishike pale inapoanza kushika tu usiiachie yote, mafuta yawe yaleyale usiyachezee, na mguu wa kulia ukandamize breki ya nyuma kidogo kama unaikumbusha. Breki ya mbele isahau kabisa ukiwa mwendo huo na hendeli imepinda, maana hiyo ndo ilinilaza getini. Nilikuwa naijua hii nadharia miaka yote. Tatizo kwenye ile kubwa kila nikijaribu akili inaniambia ukikosea ni kilo 249, sasa utajifunzaje kitu ambacho huruhusiwi kukikosea?

Zoezi la pili kugeuza, nimeweka mawe mawili yameachana hatua tisa, nageuza katikati yake narudi nilikotoka. Hapa kichwa ndo kinaendesha, ukiangalia jiwe unalikanyaga, ukigeuza shingo mpaka kidevu kiguse bega na ukaangalia kule unakotaka kutokea pikipiki inafuata. Na mwili ukae upande wa nje, pikipiki ndo ilale wewe ubaki wima. Kushoto nimefika hatua saba. Kulia nimekwama kwenye tisa, kila ikianza kulala kulia mguu unatoka wenyewe, sijautuma. Kifundo kina kumbukumbu zake.

Zoezi la tatu breki. Kutoka 40 mpaka kusimama kabisa nimetumia hatua 13, kutoka 60 nimetumia 29. Spidi imeongezeka nusu tu lakini umbali umezidi mara mbili, na ndivyo ilivyo, umbali wa breki unapanda kwa kipeo cha pili cha spidi, kutoka 30 kwenda 60 ni mara nne. Ya mbele unaiminya taratibu kama unakamua kitambaa, uzito ukishahamia mbele ndo unaongeza. Ukiikwapua tairi linajifunga, na bila ABS hapo ni wewe na Mungu wako.

Kilomita zilizobaki nimeenda 60 hadi 70, kipande cha njia tulivu. Mikono ilikuwa imekakamaa mpaka vidole vinauma. Nimelala mapema.

Siku ya 3, kilomita 118

Leo nimeanguka. Nafikiri ndo siku bora ya safari nzima, subiri nieleze.

Ilikuwa saa tano hivi, lami imeisha nimeingia rafu rodi, njia ya udongo mgumu na pembeni mchanga. Nikaona nimepitiliza njiapanda, nikataka kugeuza. Kulia. Nikajisemea si nimefanya mazoezi jana. Nikageuza shingo vizuri, klachi vizuri, nikafika nusu tairi la mbele likaingia kwenye mchanga, likasita, na mkono wangu wa kulia ukafanya ileile ya getini, ukaminya breki ya mbele. Ikalala. Taratibu kabisa, puu, kama mbuzi anayeamua kupumzika. Safari hii mguu niliutoa mapema.

Nikasimama katikati ya njia peke yangu nikisubiri ile hali. Wanaoijua wanaijua, moyo unakwenda mbio, uso unawaka, unaangalia kulia kushoto nani kaona na nani atakuja kusaidia. Hakukuwa na mtu. Injini ilishazima, nikazima swichi. Nikaangalia kama mafuta yanavuja, hayavuji sana, matone tu kwenye kifuniko cha tenki.

Afu nikafanya kama nilivyofundishwa zamani. Imelala upande wa kulia kwa hiyo stendi iko juu, nikaifungua kabisa kabla ya kunyanyua ili ikisimama ikizidi kwenda upande wa pili ikute stendi. Gia namba moja isije ikabingirika. Hendeli nikaikunja mpaka mwisho. Nikaipa mgongo, makalio yakagusa siti, mkono mmoja umeshika mpini wa hendeli mwingine umeshika chuma chini ya siti, mgongo umenyooka, na nikaanza kurudi nyuma kwa hatua fupifupi nikisukuma kwa miguu. Miguu, sio mgongo, ukitumia mgongo utajuta wiki nzima.

Ikasimama. Jaribio la kwanza.

Sijui niielezeje hii kwa mtu ambaye hajawahi kunyanyuliwa pikipiki yake na watu wanne. Nilikaa kwenye jiwe nikaiangalia. Kioo kimegeuka, kibano cha breki kimezunguka kwenye hendeli kama kaka alivyosema nikakirudisha kwa mkono, bomba lina mchubuko wa kidole. Basi. Hiyo ndo bei. Miezi yote hii nilikuwa naogopa kitu ambacho kwa pikipiki ya saizi yangu kinachukua dakika nne na jasho kidogo.

Afu nikafanya upuuzi ambao sikushauri: nikageuza tena kulia palepale. Ila kabla nilishuka nikapatembea kwa miguu nikaona mchanga unaishia wapi. Nikaangalia juu ya bega, breki ya mguu tu, vidole vya mkono wa kulia nikavifunga vyote kwenye mpini visifikie kibano. Ikapita. Nikageuza na mara ya tatu, hapo nilikuwa naelekea nisikokwenda lakini nani ananidai.

Siku ya 4, sifuri

Mvua tangu usiku. Nimebaki nilikolala. Barazani kulikuwa na mzee mmoja, aliwahi kuendesha miaka mingi, kaniuliza hiyo ndogo ni ya nani. Nikamweleza habari yote mpaka ya kuuza kubwa na ya kushuka cheo. Kaniuliza "kijana wangu, hicho cheo nani alikupa?" Sikuwa na jibu. Kakohoa kaendelea na redio yake.

Nimefikiria sana hilo swali maana kiukweli ile kubwa niliinunua kwa sababu ya picha. Sitasema ni mbaya, kwa mtu mrefu anayebeba abiria na mizigo anayekwenda mbali ni chombo hasa. Ila mi sijawahi hata siku moja kutumia nusu ya nguvu yake. Niliogopa kuipa mafuta yote hata kwa sekunde tatu. Hii ya cc 249 jana nimeipa mafuta yote kwenye kilima, gia ya tatu, inalia kama cherehani, na nilikuwa nacheka ndani ya helmeti.

Siku ya 5, kilomita 143

Milima. Kona juu ya kona na lami bado ina unyevu kwenye vivuli.

Hapa nilijifunza kwamba woga wa kusimama ulishakuwa umenizalia mtoto, woga wa kona za kulia. Kushoto naingia vizuri kabisa. Kulia naingia nimekaza mikono, macho yameganda kwenye ukingo wa barabara, na ukishaganda macho kwenye ukingo utakwenda kwenye ukingo. Kona ya kwanza ya kulia ilinitoa mpaka karibu na kokoto za pembeni, jasho likanitoka.

Nikasimama, nikajikumbusha vitu viwili tu, zaidi ya hapo kichwa kinajaa. Kimoja macho, tafuta mwisho wa kona, pale lami inapopotelea, na uendelee kupafuata panavyosogea. Cha pili sukuma. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo ukitaka kwenda kulia unausukuma mpini wa kulia mbele, mbele kabisa, sio kuuvuta. Inasikika kinyume lakini ndo inavyolala, na wote tunaoendesha tunafanya hivyo hata kama hatujui, tofauti ni kwamba ukiwa na woga mkono wa pili nao unaingilia, huu unasukuma huu unazuia. Kwenye pikipiki nyepesi yenye tairi nyembamba unasikia hilo mara moja, ukisukuma kidogo tu inajibu. Ile kubwa ilikuwa inajibu kama ofisi, nimesikia, subiri.

Spidi nimeshusha kabla ya kona, nikiwa bado wima, ndani ya kona mafuta kidogo tu ya kuishikilia. Nimepita kona za kulia nahisi 40 au 50, niliacha kuhesabu na hilo lenyewe ni habari.

Kitu kimoja kilikuwa kibaya leo. Lori limekuja mbele kwenye sehemu nyembamba, likapita, upepo wake ukanisukuma nje afu ukanivuta ndani, pikipiki imehama labda nusu mita. Wepesi una gharama zake. Dawa niliyoipata ni kulegeza viwiko na kubana tenki kwa magoti, ukikaza mikono upepo unaokupiga wewe unaufikisha mpaka kwenye tairi la mbele.

Siku ya 6, kilomita 161

Barabara kuu, hamna njia nyingine. Sikuipenda.

Nisikudanganye kwamba ndogo ni nzuri kwa kila kitu. Kwenye 85 imetulia, ukifika 100 mtetemo wa silinda moja unaanza kwenye miguu unapanda mpaka meno, vidole vya mkono wa kulia vimekufa ganzi mara mbili nikasimama nikavikunjua. Kuovateki unapanga kama harusi: unaangalia mbele, unashusha gia, unasubiri nafasi ndefu mara mbili ya uliyozoea, na ukiona wasiwasi unaacha. Mara tatu nimeacha. Magari yananifuata karibu karibu kana kwamba nimewakosea. Nilichofanya ni kukaa katikati ya upande wangu nionekane badala ya kujificha pembezoni ambako kila mtu anadhani anaweza kupenya, na kila baada ya dakika 50 napumzika.

Mtu ambaye kila siku kazi yake ni barabara kuu nisingemshauri hii, achukue hata ya cc 400 au 500. Ila angalia nimesimama mara ngapi leo! Sheli moja ilikuwa na mteremko wa maana, pampu isiyo na mtu ilikuwa ile ya juu kabisa, nikaenda moja kwa moja. Nimekumbuka kuogopa nikiwa nimeshaweka mafuta.

Siku ya 7, kilomita 116

Kipande cha mwisho nakijua, nimekipita mara nyingi na ile nyingine. Ajabu ni kwamba mahali pengi nimepaona leo kwa mara ya kwanza, zamani nilikuwa naangalia lami tu mita kumi mbele.

Nimefika kwangu saa kumi kasoro. Geti limefungwa. Mteremko ni uleule, na pale chini ukiangalia vizuri bado kuna alama ya ile kubwa kwenye zege. Nikapiga honi, hamna mtu. Nikapiga simu, mke wangu akasema wako kwa jirani upande wa juu, ufunguo anao yeye, nije niuchukue. Kwa hiyo hapo hapo kwenye mteremko ikabidi nigeuze, na nafasi ilivyo lazima ugeuzie kulia.

Nitakuwa muongo nikisema sikusita. Nilisita. Nimeangalia chini nikaona ile alama, afu nikajikumbusha kwamba alama ndo kama lile jiwe la uwanjani, ukiitazama unaikanyaga. Nikanyanyua macho nikaangalia juu ya bega mpaka kwa jirani. Klachi nusu, breki ya mguu, vidole vinne vimefungwa kwenye mpini. Imegeuka na mguu wa kulia haukutoka.

Binti yangu kaja mbio kaizunguka pikipiki mara mbili, kashika siti. "Baba, hii ndo mtoto wa ile nyingine?"

Nikamwambia eeh.

Jumla kilomita 624, mafuta lita 19 na kidogo, kuanguka mara moja, watu walionisaidia kunyanyua hakuna. Cheni imelegea tena, kesho asubuhi naikaza, na kile kibano cha breki nimekiacha vilevile kilivyolegezwa.